Mwanya wa Milimita Mbili

Katika karakana ya pampu za maji alikofanya kazi miaka thelathini na minne, watu walimwita Kipimo, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma, na hakuamini kitu mpaka akipime. Akiambiwa mlango umepinda, alichomoa rula mfukoni. Siku binti yake wa pekee alipozaliwa, wenzake wanaapa kwamba swali la kwanza alilomuuliza mkunga ni mtoto ana sentimita ngapi.

Masikio ndiyo yaliyomwangusha. Kelele za karakana ziliyala kidogo kidogo, na hata kabla hajaoa alikuwa hasikii tena sauti nyembamba: kengele ya simu, ndege wa asubuhi, birika likichemka. Sauti nene alizipata. Maneno ya mtu alimtazama midomoni akayaokota hapo. Mashine aliziwekea kiganja, akajua zinaumwa wapi.

Sasa mtu wa namna hiyo kumuoa mpiga saksafoni ni jambo ambalo karakana nzima haikuchoka kulitania. "Wewe Mungu kakupendelea," walimwambia. "Sisi wenzako tunapigiwa kelele na wake zetu na tunazisikia zote."

Mkewe alikuwa karani wa shule ya sekondari. Siku tano za wiki alipiga taipu barua za mwalimu mkuu na kutafuta mafaili ya wanafunzi waliohama. Jumapili alasiri alivaa gauni la kijani na kwenda kupiga jazi na wenzake wanne kwenye mgahawa wa hoteli moja karibu na kituo cha treni. Walijuana kwa sababu ya ajali. Saksafoni ni chombo kikubwa cha shaba, lakini sauti yake huanzia kwenye kipande kidogo cha mbele kinachoingia kinywani, na wapigaji hukiita mdomo. Chini ya mdomo hufungwa kijiti bapa cha mwanzi, ndio ulimi, na kati ya ncha ya ulimi na ncha ya mdomo huachwa mwanya mdogo wa kupitisha pumzi. Mdomo wa karani ulianguka sakafuni ukamegeka ncha, naye akaingia karakanani nao mkononi, umefungwa kwenye leso.

"Sisi hapa tunatengeneza pampu, dada," Kipimo alimwambia.

"Na hii ni pampu," alijibu. "Inasukuma hewa tu badala ya maji."

Kipimo alicheka, akaacha chakula chake cha mchana, akautengeneza kwa tupa ndogo na msasa. Alipomaliza akachukua vile visu vyake vyembamba vya kupimia nafasi, akaviingiza kwenye mwanya kimoja kimoja. Milimita mbili na nukta saba.

"Ni mkubwa?" aliuliza.

"Kwa jazi ndio wenyewe. Ukiwa mwembamba, sauti inakuwa na adabu mno."

Hakuelewa hata nusu, lakini namba aliiandika. Mwaka uliofuata walioana. Hawakuitana baba fulani wala mama fulani hata baada ya kupata mtoto. Kipimo alimwita mkewe Karani, naye akaitwa Fundi, na waliitana hivyo hadi mwisho.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi kikavu ambacho Karani alikisingizia vumbi la mafaili. Kisha ngazi za shule zikaanza kumshinda. Alikuwa akipanda tatu, anasimama, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwaka ule alikuwa na miaka hamsini na sita. Daktari aliwaonyesha picha ya mapafu na kuwaeleza kwa upole kwamba yanaingia makovu, yanakuwa magumu, hayatanuki tena inavyotakiwa.

"Dawa itapunguza mwendo," alisema. "Haitarudisha kilichokwenda."

"Na saksafoni?" Karani aliuliza.

Daktari alimtazama kana kwamba ameulizwa habari ya mtu asiyemjua. "Piga kadiri pumzi itakavyokuruhusu, mama. Ukiona kizunguzungu, acha."

Walitoka pale. Karani alitembea akiutazama mkono wake ulioshika bahasha ya picha. Fundi alikuwa tayari kwenye hesabu. Pampu ikipungua nguvu huwezi kuipigia magoti; unaipunguzia mzigo. Mdomo wenye mwanya mpana unataka pumzi nyingi. Basi.

"Tutafute mdomo mwingine," alisema walipofika kwenye kona ya duka la vitabu. "Wenye mwanya mdogo, na ulimi laini zaidi. Hautakula pumzi."

"Usinipunguze, Fundi," Karani alisema, akitabasamu.

Naye akatabasamu. Alidhani ni mzaha.

Jumamosi wakaenda kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji, bwana mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, alimjua Karani tangu zamani, akatandika kitambaa chekundu juu ya kaunta na kupanga midomo saba kama daktari wa meno anayepanga vifaa vyake. Mitano ilikuwa ya ule mpira mgumu mweusi, miwili ya chuma.

"Jipe muda, mama," alisema. "Mdomo haununuliwi kwa macho."

Karani akafumba macho na kuanza. Kwa kila mdomo alipiga sauti moja ndefu ya chini, kisha akapanda, kisha kipande cha wimbo. Fundi hakujidanganya kwamba anasikia kinachostahili kusikiwa. Alisimama nyuma yake, akamwekea kiganja mgongoni, chini ya bega la kushoto, akahesabu kimoyomoyo sauti inadumu sekunde ngapi kabla mbavu hazijaanza kutetemeka. Wa kwanza, saba. Wa pili, saba. Wa tatu, wa chuma, tano tu, na muuzaji akakunja uso kwa jinsi sauti ilivyokata kama wembe. Wa nne, kumi na mbili.

Kumi na mbili! Fundi alitaka kupiga makofi. Alizunguka mbele kumwangalia Karani midomoni.

"Huu unapiga kama mtoto anayesoma taarifa ya habari mbele ya shule," Karani alisema.

Muuzaji alicheka hadi miwani ikaruka kifuani. "Huo wanautaka wale wa bendi za gwaride. Kila sauti imevaa tai."

"Lakini umepumua vizuri," Fundi alisema. "Nimehesabu."

"Najua umehesabu."

Wa tano na wa sita hakuimaliza. Alipotia wa saba kinywani, uso wake ulibadilika. Fundi aliyaona mabadiliko hayo hata kabla ya kiganja chake kumwambia chochote: nyusi zilishuka, shingo ikalegea, mguu wa kulia ukaanza kugonga sakafu wenyewe. Mtu aliyekuwa akipita nje alisimama mlangoni. Kisha kikohozi kikamkamata katikati ya wimbo, kikamkunja. Muuzaji alikimbilia maji. Walimkalisha kwenye stuli, saksafoni mapajani, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka.

Fundi akauchukua mdomo wa saba, akatoa visu vyake, akapima. Mbili na nukta nane. Akaurudisha kwenye kitambaa taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Huo hapana," alisema.

Karani alikunywa maji. Walipokuwa wanatoka alimshukuru muuzaji, akamwambia, "Hakuna wangu pale."

"Basi nitakutengenezea wako," Fundi akasema.

Alimwomba msimamizi wa karakana kipande cha fimbo ya mpira mgumu kilichobaki stoo tangu enzi za kutengeneza mabomba ya asidi. Kwa wiki tatu hakula na wenzake. Alifunga fimbo kwenye mashine, akatoboa, akaukata mteremko wa juu, akakaa na tupa na msasa akitengeneza chumba cha ndani, kile kinachoipa sauti umbo, akitumia ule mdomo wa zamani kama kielelezo. Wenzake walimletea maneno. Wakasema safari hii Kipimo anampimia mkewe maneno ya kusema.

Mdomo wa kwanza ulipiga mluzi. Hakuusikia, ila alimwona binti yake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, akiziba masikio kwa mito miwili ya kochi, na Karani akicheka huku machozi yakimtoka. Wa pili ulikuwa na mwanya wa milimita mbili kamili. Karani aliupiga sebuleni akiwa ameketi kando ya dirisha. Kiganja kikahesabu kumi na nne.

"Vipi?"

"Ni mzuri, Fundi."

"Kweli?"

"Unapitisha pumzi kama maji."

Basi yule mtu asiyeamini mpaka apime, huu alikuwa ameupima, na mpigaji mwenyewe kasema. Furaha aliyokuwa nayo haikumtosha mwilini. Kesho yake jambo hilo alilipeleka karakanani, akalisimulia hadi kwa mlinzi wa geti.

Kila siku akirudi kutoka kazini alimkuta Karani amekaa dirishani na saksafoni, mdomo mpya mweusi uking'aa. Jumapili alimsindikiza hotelini. Alikaa mahali pake pa siku zote, meza ya nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, maana ngoma zilimuumiza sikio lake moja lenye nafuu. Kutoka pale alimwona Karani kwa mbali, watu wakigeuka vitini, wahudumu wakisimama na trei zao. Alikuwa akipiga nyimbo chache kuliko zamani, nyingine akikaa tu na kugonga mguu. Fundi alishukuru kwamba anajitunza. Lakini walirudi nyumbani akiwa hoi, midomo imeingia ubuluu, na Jumatatu yote akilala.

"Bado mwanya ni mkubwa," Fundi alimwambia. "Nikupunguzie kidogo?"

"Uache ulivyo."

Asubuhi moja Karani akiwa bafuni, Fundi aliuchukua mdomo, akaupitisha kwenye msasa laini juu ya kioo mara chache, akaurudisha. Ulifika moja na nukta tisa. Ni unywele. Jioni Karani aliupiga, akasimama ghafla, akautoa kinywani na kuugeuza mwangani. Alimtazama mumewe kwa muda. Kisha akaurudisha kinywani akaendelea.

Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, hospitalini. Fundi alikuwa ameshuka chini kujaza chupa ya chai. Aliporudi alikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda, na muuguzi akamshika mkono kabla hajalifikia. Chupa ilikuwa imejaa sana, ikamchuruzikia kwenye kiatu, na kwa siku nyingi baadaye alichokumbuka vizuri kuhusu asubuhi ile kilikuwa soksi yenye unyevu.

Mwezi ulipita. Mpiga besi wa kundi lao, mtu mrefu mwenye goti bovu aliyekuwa akimwita marehemu dada, alikuja nyumbani Jumamosi mchana. Fundi alimkaribisha, akamwekea chai.

"Shemeji," mpiga besi alianza. "Kuna kitu chenu ninacho."

Akatoa mfuko mdogo wa kitambaa, akauweka mezani. Ndani ulikuwamo ule mdomo wa zamani, wenye ncha iliyowahi kumegeka. Fundi aliijua kazi ya mikono yake.

"Huu ulikuwa kabatini," alisema.

"Alikuwa akiuacha kwangu. Kila Jumapili, kabla hatujapanda jukwaani, alibadilisha. Tukimaliza alibadilisha tena."

Fundi alimtazama midomoni kwa makini, akidhani ameokota vibaya. Akamwambia arudie. Mpiga besi akarudia, polepole, jasho likimtoka.

"Na wangu?"

"Ule wako alisema ni wa nyumbani."

"Nakuuliza alisemaje kuhusu wangu. Usinivishe kilemba cha ukoka, mwanamume wewe. Sema."

Mpiga besi alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Alisema una sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa."

Hasira ilimpanda Fundi kutoka miguuni, hasira ya mtu aliyechekwa na mtaa mzima akiwa peke yake hajui.

"Ulijua anaumwa."

"Nilijua."

"Ulimwona alivyokuwa akirudi hapa. Sisi tunahangaika kumpunguzia, wewe unamfichia huu."

"Alikuwa ananiomba, shemeji. Ungekuwa mimi ungemnyima?"

"Chai yako inapoa," Fundi alisema. "Inywe uende."

Alimpigia binti yake. Kwa simu hakuwa akisikia vizuri, akamwambia aje tu. Binti, ambaye alifanya kazi katika duka la dawa upande wa pili wa mji, alifika jioni ileile akiwa bado na koti jeupe. Alipouona mfuko mezani, akakaa bila kuambiwa.

"Na wewe ulijua," baba yake alisema.

"Nilijua, Baba."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Binti aliinua uso ili aonekane midomo. "Mama alikataa. Alisema Jumapili ndiyo siku pekee ambayo Baba hamhesabii pumzi. Alisema anataka hiyo moja."

Fundi aliinama akaokota kitu sakafuni ambacho hakikuwapo. Hakumwambia binti, na hajamwambia mtu mpaka leo, kwamba hata Jumapili, kule nyuma kwenye mlango wa jikoni, macho yake yalikuwa kifuani mwa Karani, na midomo yake ikihesabu.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa daktari. Hakuwa na miadi. Alisubiri kwenye benchi na wagonjwa hadi zamu ikamfikia. Alitaka namba. Mdomo wa zamani na mdomo wake, tofauti ya nukta saba, baadaye nukta nane, kila Jumapili, miezi mitano. Ulimpunguzia siku ngapi?

Daktari alivua miwani. "Mzee, sina kipimo cha jambo hilo. Mapafu yale yalikuwa yanakwisha tu."

"Lakini ulimchosha."

"Ulimchosha, ndiyo."

"Sasa si ni siku zilizopungua?"

"Labda siku. Labda hata hizo si kwa sababu ya mdomo. Sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya."

Fundi alitoka pale hakuambulia kitu. Alijikaza kisabuni, akarudi karakanani, akaharibu mhimili wa pampu uliokuwa wa kazi ya siku mbili, jambo ambalo msimamizi hakuwahi kuliona kwake. Msimamizi alimletea chuma kingine.

Ilimchukua hadi mwisho wa msimu wa baridi kwenda kwa mpiga besi. Alimkuta uani kwake akibadilisha nyuzi, gita lake kubwa la besi limelala mezani kama mgonjwa. Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kusalimia vizuri.

"Nimekuja kukuuliza kitu," alisema. "Nimeishi naye miaka thelathini. Sauti yake sikuwahi kuipata sawasawa. Nilipata ile nene ya chini tu, nayo kwa mkono. Ilikuwaje?"

Mpiga besi aliweka koleo chini. Alianza kusema kwamba ilikuwa nzito, akaacha. Akasema ilikuwa na mikwaruzo kidogo pembeni, kama sauti ya mtu aliyetoka kuamka, akatikisa kichwa, akaona haifai. Mwisho akasema, "Shemeji, kwa ule wa zamani, hata ukiwa barabarani unapita na mambo yako, unajua kuna mtu anakuita. Siwezi kukueleza zaidi."

"Na kwa wangu hakuita."

"Kwa wako alipiga sawasawa. Hakukosea hata mara moja." Akaokota koleo. "Ila alikuwa akiupiga kila siku, si ndiyo? Ule wa zamani mwisho hakuuweza zaidi ya nyimbo mbili. Akimaliza hizo mbili alikuwa ananishika bega asianguke. Bila wako asingegusa chombo siku za katikati."

Fundi aliyapokea maneno hayo. Hakujua ayaweke wapi. Alimsaidia kukaza uzi wa mwisho, maana vidole vyake vilikuwa na nguvu zaidi, akaaga.

Saksafoni yenyewe aliitoa kwa kundi. Mpigaji mpya, mwanamke wa makamo aliyekuwa mtaalamu wa maabara, alikuja kuichukua Jumamosi moja akifuatana na mpiga besi. Fundi alimwekea midomo yote miwili mezani, akamwambia achague, au achukue yote. Kwa heshima mama yule aliijaribu. Ule wa zamani ulimshinda, ukamtoa jasho. Ule wa Fundi aliupiga vizuri, akamshukuru, akasifu ulivyokerezwa. Kisha akafungua mkoba wake akatoa wa kwake wa chuma, aliouzoea miaka kumi na mmoja, akaufunga.

Alipiga pale pale dirishani. Fundi aliona shingo ikitanuka, akaona mpiga besi anafumba macho. Kiganja chake hakuwa na mahali pa kukiweka, akakitia mfukoni.

"Uje Jumapili, mzee," mama yule alimwambia mlangoni, sanduku la saksafoni mkononi. "Meza yako ipo."

"Nitaona," alisema.

Hajaenda. Jumapili hufua mashati yake, huyapiga pasi, husubiri simu ya binti anayemuuliza kama amekula. Hujibu kwamba amekula, hata kama bado. Mpiga besi humpitia mara moja kwa mwezi. Huzungumza habari za goti lake, ambalo daktari anataka lipasuliwe, na Fundi humpikia chai na kumwambia akubali, asiogope, kisu ni cha siku moja tu.